Kwa nini studio ya Rhythm & Hues ilifilisika ikiwa kileleni mwa ufundi?

Mchoraji wa Milimani, Kisumu

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi hutengeneza katuni fupi za matangazo hapa Kisumu kwa kompyuta moja, ambayo huiacha ikichakata picha usiku kucha huku nikiomba stima zisipotee. Wiki hii nimekuwa nikisoma kuhusu studio ya Marekani iitwayo Rhythm & Hues, ile iliyomuumba kwa kompyuta simbamarara wa filamu ya Life of Pi. Nimeshangaa kuona kwamba studio hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Februari 2013, na siku chache baadaye kazi hiyo hiyo ikapewa Tuzo ya Oscar ya madoido ya picha, yaani vitu visivyokuwepo wakati wa kurekodi ambavyo huongezwa kwenye filamu. Jambo hili limeninyima raha, kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba fundi aliyefika hapo hawezi tena kukosa unga. Je, filamu ilipata hasara, usimamizi ulikuwa mbovu, au kazi hii yenyewe hailipi?

Mwalimu wa Kompyuta, Kakamega

Ndugu Mchoraji, filamu haikupata hasara hata kidogo. Iligharimu takriban dola milioni 120 na kuingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani kote. Ili kuelewa kilichotokea ni lazima turudi nyuma, kwa maana studio hiyo ilizaliwa katika anguko la studio nyingine. Robert Abel & Associates, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikuwa miongoni mwa watangulizi wa picha za kompyuta katika matangazo ya televisheni. Mwaka 1986 ilinunuliwa na kampuni ya Omnibus ya Kanada, ambayo mwaka huo huo ilikuwa imeinunua pia studio nyingine ya picha za kompyuta, Digital Productions, kwa fedha za mikopo, na mwaka 1987 mzigo wa madeni ukaziangusha zote tatu. Hapo ndipo John Hughes na wenzake waliotoka kwa Abel walipoanzisha Rhythm & Hues mjini Los Angeles.

Walianza na matangazo, na huenda umewahi kuwaona dubu weupe wa Coca-Cola waliotokea mwaka 1993, kwani ni kazi yao. Mwaka 1995 walishiriki kuwafanya wanyama wa filamu ya Babe wafumbue midomo na kusema, na filamu ile ikapata Oscar ya madoido. Wakarudia ushindi huo kwa The Golden Compass ya mwaka 2007. Manyoya, macho na uzito wa mnyama anapokanyaga ardhi ndivyo vilivyowapa jina.

Tatizo lilikuwa katika mapatano ya bei. Studio za madoido hushindania kazi kwa kutaja bei moja kwa idadi fulani ya vipande vya filamu, kabla mwongozaji mwenyewe hajajua vizuri anataka kuona nini. Fikiria fundi wa hapa kwetu aliyekubali kujenga nyumba nzima kwa bei iliyofungwa, kisha mwenye nyumba anakuja kila Jumamosi na kuagiza dirisha lihamishiwe ukuta wa pili, na fundi analihamisha bila kuongezwa senti kwa kuogopa kwamba nyumba ijayo atapewa jirani yake. Wateja wakubwa walikuwa wachache mno, kampuni sita hivi za filamu, kwa hiyo hakuna studio iliyothubutu kuwaudhi. Isitoshe, filamu ikiahirishwa, mishahara ya mamia ya wachoraji haikuahirishwa nayo, na faida ya tiketi haikuwafikia kabisa.

Msanii wa Nakuru

Ninakubaliana na Mwalimu, ila ningeongeza suala la serikali. Uingereza na jimbo la British Columbia nchini Kanada zilikuwa zikirudishia watayarishaji wa filamu sehemu ya gharama iliyotumika kwao, na hivyo kazi ikahamia huko bila kujali ni nani mwenye ufundi zaidi. Rhythm & Hues ilifungua matawi Mumbai, Hyderabad, Kuala Lumpur, Vancouver na Kaohsiung ili kupunguza gharama, lakini haikutosha. Zaidi ya wafanyakazi 200 waliachishwa kazi, na mwezi Machi studio ikauzwa kwa kampuni yenye uhusiano na Prana Studios.

Usiku wa Oscar, mamia ya wasanii waliandamana karibu na ukumbi. Ndani, Bill Westenhofer aliyeongoza kazi ile alipoanza kutaja shida za studio, muziki ulipandishwa na kipaza sauti chake kikazimwa. Hadi leo siwezi kuitazama video ile bila uchungu. Nimewahi kurekebisha tangazo la mteja mmoja mara kumi na moja kwa bei ya mara ya kwanza, kwa hiyo ninajua mtu anavyojisikia anapokatizwa akieleza hesabu ya jasho lake.

Mwanafunzi wa Kondele

Wakubwa zangu, naomba kuuliza: mbona Pixar, ile studio ya filamu za katuni za kompyuta, haikufikwa na hayo?

Mwalimu wa Kompyuta, Kakamega

Swali zuri, mwanangu. Pixar nayo ilikaribia. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliinunua kutoka kwa George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, mwaka 1986, na kwa miaka mingi aliilisha kwa fedha zake mwenyewe ikiuza kompyuta, programu na matangazo. Iliokolewa na Toy Story ya mwaka 1995, kwa kuwa hadithi na wahusika walitoka ndani ya studio yenyewe, na mkataba na Disney uliipa sehemu ya mapato. Disney iliponunua Pixar mwaka 2006 ililipa dola bilioni 7.4. Rhythm & Hues ilichora wanyama wa hadithi za wengine.

Mchoraji wa Milimani, Kisumu

Nawashukuru sana, Mwalimu na Msanii. Kesho nina kotesheni ya kumpelekea mteja wa hapa mjini, na nimekwisha kuibadilisha usiku huu: marekebisho mawili yamo ndani ya bei, la tatu litalipiwa, na nusu ya fedha itatangulia. Msanii, je, wateja wa Nakuru hukubali sharti la nusu, au niandike theluthi?