Antwerp mpaka Liège kwa gari na mama mzazi, tusimame wapi njiani? Naombeni ushauri

BintiPongwe:
Wakuu habari za muda huu. Nipo Antwerp, Ubelgiji, na mume wangu na mtoto mmoja wa miaka 6. Mama yangu mzazi anatua wiki ijayo kutoka Tanga, ndo mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, na Jumamosi inayofuata tunaenda kwa wifi yangu Liège tulale huko. Sisi siku zote tunapiga barabara kuu ya E313 moja kwa moja, kama kilomita 120 hivi, malori mbele malori nyuma, unafika hujaona kitu. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi, lakini ni mtu wa dirishani, akipanda basi la Lushoto hasinzii hata kidogo, anauliza hiki nini kile nini mpaka mwisho wa safari. Sitaki kumpitisha kwenye malori.

Nimewaza tuzungukie Namur, tufuate mto Meuse mpaka Dinant, halafu tukatize vilima vya Ardennes tutokee Liège jioni. Kuna aliyepita hiyo njia na mtu mzima? Chakula halali njiani kikoje? Mume wangu kazoea kuendesha Flanders tu, huku upande wa Kiholanzi, huko Wallonia upande wa Kifaransa kuna cha kujihadhari? Halafu anasema tupitie Tervuren kwenye makumbusho ya Afrika, mimi naogopa itamharibia mama siku. Nipo hapa nasubiri.

DerevaWaVani:
Karibu dada, na mama karibu Ubelgiji. Njia uliyochagua ndo yenyewe, mi napita huko kila wiki kikazi. Chukueni E19 mpaka Brussels, zungukeni na R0, barabara inayozunguka jiji, upande wa mashariki mpaka makutano ya Leonard, hapo mnaingia E411. Mwambie shemeji asichanganywe na vibao, ukiwa Flanders kibao kinasema Namen, ukivuka mpaka wa lugha kinakuwa Namur, mji ule ule. Luik nayo ndo Liège. Watu wengi wanapitiliza njia ya kutokea kwa sababu hiyo tu.

Mkifika Namur achaneni na barabara kuu, shikeni N92, inafuata Meuse mpaka Dinant, chini ya kilomita 30. Na mama mkalishe nyuma ya dereva, usimkalishe mbele, maana mkielekea kusini mto unakuwa kushoto kwenu, akiwa kulia ataangalia kuta za nyumba za watu. Mwezi huu wa 6 mkipita Wépion mtakuta vibanda vya stroberi kando ya barabara, huo mji unajulikana kwa stroberi. Simameni mnunue.

Spidi: nje ya miji Flanders ni 70, Wallonia ni 90, ila vijijini mnarudi 50 na N92 ina vijiji vingi. Kubwa kuliko yote ni kipaumbele cha kulia. Kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa, anayetokea kulia kwako ndo mwenye haki, hata kama wewe uko kwenye barabara pana na yeye katoka kwenye kichochoro. Vijijini huko wenyeji wanaingia bila hata kukuangalia kwa sababu sheria iko upande wao. Shemeji asilisahau hilo hata dakika moja.

Mpenda_Milima:
Mimi ningeongeza mapango ya Han-sur-Lesse na ngome ya Bouillon, mkishafika Dinant mko karibu. Mpaka mlangoni mwa mapango unapelekwa na tramu ya zamani, ndani mto unapita chini ya ardhi, mtoto hatasahau maisha yake yote.

NesiWaNamur:
Mpenda_Milima samahani lakini umesoma kwamba mama ana magoti? Ile safari ya Han ni ya kutembea kwa miguu, ngazi ni mamia na ndani kuna baridi ya nyuzi 13 mwaka mzima na unyevunyevu. Mi nilimpeleka mama mkwe, alitoka analia maumivu. Bouillon nayo iko kusini kabisa karibu na Ufaransa, kwa siku moja mtakuwa mnafukuzana na saa. Hizo ziwe safari nyingine.

Dinant inatosha kula nusu siku. Ile ngome juu ya jabali ina ngazi 408 lakini kuna kigari cha kebo pembeni ya kanisa kinakupandisha bila jasho. Mama akichoka msipande kabisa, pandeni boti, zinaenda mpaka Anseremme na kurudi, dakika 45 hivi, anakaa tu. Boti inapita jirani na Rocher Bayard, jiwe limesimama peke yake kama sindano na barabara inapita katikati yake na mlima. Mwambieni mtoto hadithi ya wenyeji, kwamba farasi Bayard alilipasua kwa kwato akiwakimbiza mgongoni ndugu wanne. Na yale masaksafoni ya rangi darajani ni kwa ajili ya Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni, alizaliwa hapo 1814.

Chakula sasa. Chipsi za Ubelgiji kwa asili zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hajachinjwa kihalali, kwa hiyo usidhani chipsi ni chipsi. Uliza kibandani wanatumia mafuta ya mimea au ya mnyama. Na Liège mkikaribishwa boulets, vile vinyama vya mviringo, huwa wanachanganya nguruwe na ng'ombe. Bora mbebe chapati zenu na chupa ya chai, kando ya Meuse kuna nyasi nzuri, mama anatandika mkeka wake hapo, anajumuisha swala ya adhuhuri na alasiri, mnaendelea.

MkenyaLeuven:
Kuhusu Tervuren, mimi niko jirani, nimeenda mara nyingi. Makumbusho yenyewe yanataka nusu siku na miguu yenye nguvu, yaacheni siku nyingine. Lakini bwanako ana point. Nendeni tu kanisani, la Mtakatifu Yohana hapo Tervuren mjini. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili aliletewa Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakajengewa kijiji watu wakawa wanakuja kuwaangalia. Saba walifia hapa hapa, baridi na magonjwa. Makaburi yao yako kwa mstari kando ya ukuta wa kanisa, majina yameandikwa kwa mawe, Ekia, Kitukwa, Mibange na wengine. Hakuna tiketi, hakuna ngazi, dakika 15. Mama ni mtu mzima, ameshazika watu, usimwamulie atakachoweza kubeba. Muulize.

FundiKasapa:
Yambo dada. Mie mtu wa Lubumbashi, niko naishi huku Liège myaka mingi. Mukilala huku, siku ya yenga (Jumapili) asubui mupeleke mama ku soko ya La Batte, iko pembeni ya mto, inaisha saa nane na nusu kama ile. Kuko matunda, vitambaa, na kuku wazima, atafurahi sana. Ile ngazi ya Bueren musimuonyeshe, ni 374. Na gaufre ya Liège anaweza kula, ni unga na siagi na sukari ya vipande. Ku njia, toka Dinant mupitie Ciney, mufike Durbuy, kamji kadogo ka mawe kando ya mto Ourthe, wanasema njo mji mdogo kuliko yote ya dunia, eti tangu 1331. Jumamosi kunajaa watu, muingie saa kumi hivi wakiwa wanaondoka.

BintiPongwe:
Asanteni sana wote, nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Nitaleta mrejesho.

BintiPongwe (mrejesho):
Wakuu tumerudi. Nilimuuliza mama kuhusu Tervuren kama MkenyaLeuven alivyosema, akajibu "watu wetu hao, nitapitaje nisiwasalimie." Alisimama pale, akagusa jina moja moja kwa kidole akilisoma taratibu, kila jina anasema pole baba, pole mama. Mtoto akauliza kwa nini hawakurudi kwao, baba yake akamweleza. Hatukukaa sana, na mama hakuharibikiwa siku, ila alinyamaza mpaka Namur.

Wépion ndo akaanza kuongea. Tulinunua kikapu cha stroberi, akasema hawa wanapanga kama wauza matunda wa Soni. Nyuma ya dereva palikuwa sahihi kabisa, DerevaWaVani Mungu akubariki, alikuwa anahesabu majahazi ya mizigo mtoni na mjukuu wake. Kipaumbele cha kulia kilitukuta kijijini, trekta lilitoka kwenye kanjia, mume wangu alikuwa ameshapunguza kwa sababu ya maneno yenu.

Dinant tulipanda kebo na boti vyote. Ngomeni mama alisoma uso wangu nilipokuwa naangalia maelezo, akataka nimweleze, nikamwambia Agosti 1914 wanajeshi wa Kijerumani waliua raia 674 wa mji huu. Akasema babu yake alibebeshwa mizigo na Wajerumani hao hao vita hiyo hiyo. Sikuwahi kuijua hiyo habari mpaka siku hiyo, na amenihadithia yote njiani mpaka Durbuy, nimemrekodi kwenye simu.

Halafu kuna biskuti pale Dinant inaitwa couque, unga na asali tupu, ngumu kama kigae, muuzaji alituonya tusiitafune. Mama akaivunja kwa ukingo wa meza, akachovya kwenye chai ya tangawizi, akahesabu mpaka kumi, akala. Kanunua nne za kupeleka Tanga, mbili zina umbo la samaki.