Mrejesho: ufunguo wa gari uliokataa kugeuka, kutoka 68,000 hadi 7,400

Wakuu, asanteni sana. Kwa ambao hawakuona swali: ufunguo ulikuwa unakwama kwenye usukani, na muuzaji wa magari hapa Nakuru akataka shilingi 68,000 abadilishe kufuli lote, swichi na funguo.

Ushauri uliookoa pesa ni wa kutenganisha silinda, pale ufunguo unapoingia, na swichi ya umeme iliyo nyuma yake. Kila ufunguo ulipokubali, taa za dashibodi ziliwaka na stata ikazunguka. Basi swichi ni nzima, haikuguswa.

Fundi wa funguo alitoa waya hasi wa betri, akasubiri sekunde 90 kwa ajili ya eabegi, akafungua kava, akageuza ufunguo hadi ACC (hatua ya kwanza, ya redio) na kubonyeza pini ya silinda kwa bisibisi nyembamba. Silinda ikatoka. Msingoje hadi ufunguo ukatae kabisa, maana usipofika ACC itabidi kutoboa kwa drili. Vibati 4 vya ndani ya silinda, vinavyokaa kwenye meno ya ufunguo, vilikuwa vimelika, vikabadilishwa. Ufunguo mpya ulikatwa kwa namba ya msimbo (code) wa kiwandani, si kwa kuiga wa zamani. Nakala ya ufunguo uliolika hubeba kasoro ileile. Chipu ya zamani, inayofanya gari liutambue ufunguo, ikahamishiwa kwenye ufunguo mpya, kwa hiyo sikulipia kuuprogramu. Jumla 7,400.

Kilichoshindikana: kupuliza mafuta kwenye tundu la ufunguo kulisaidia siku mbili tu, kisha vumbi likaganda. Sasa natumia unga wa grafiti. Na kufuli la buti, lililolika pamoja na ufunguo wa zamani, bado linausumbua huu mpya.