Naomba ushauri: samoni wa mto Columbia wamenishinda

Wakuu, habari za wikendi. Naomba msaada kwa mnaovua huku Marekani. Mimi nimekulia Pangani, nguru nimewaburutia chambo baharini tangu utotoni, lakini samoni wa mtoni wananitoa jasho.

Niko Portland, nina kiboti cha futi 16. Septemba hii nimetoka mara nne kutafuta Chinook, yule samoni mkubwa. Naburuta spina (chambo bandia chenye bapa linalozunguka) ya shaba nyuma ya kile kibao cha kung'aa kinachozunguka, chubwi ya wakia 8, kina cha mita 7 hivi. Rangi nimebadilisha mpaka basi. Jumamosi boti ya pembeni yangu wametoa watatu. Mimi nimeambulia majani kwenye ndoana.

Najua samoni akishapanda mtoni kwa kawaida huwa hali tena, anang'ata kwa hasira au mazoea tu, kwa hiyo nahisi kosa ni mwendo. Mimi nilikuwa napanda kinyume cha mkondo, wale wenzangu wanashuka nao.

Sasa, maji yakipwa, niburute kufuata mkondo au kuupinga? Na nikiangalia ncha ya fimbo, nitajuaje kuwa spina inazunguka sawasawa kule chini?