Naomba ushauri: binti wa riwaya yangu anagoma kujisamehe

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Naandika riwaya ya fantasia, kuhusu binti wa Pemba ambaye mdogo wake alizama akiwa mikononi mwake, tangu siku hiyo akigusa maji ya bahari yanachemka. Nimempeleka kwa mganga, kapigiwa ngoma ya pepo, kanyweshwa kombe la zafarani (yale maji ya aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani), ila nikisoma naona uganga ndo umemponya, yeye mwenyewe hajafanya kitu. Nikaleta mzimu wa mdogo wake aje amwambie yaishe, ikawa bongo muvi tupu. Sasa wataalamu, nifanyeje ajisamehe bila mtu kumpa ruhusa? Na akipona, ule uwezo wa kuchemsha maji umtoke au abaki nao? Mi naona abaki nao, nyie je?