Naomba ushauri: mtoto njiti wa miezi 9, nijaze kadi kwa umri upi?

Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Niko kliniki ya watoto hapa Moshi, nimekwama kidogo.

Mtoto wa kiume, miezi 9, alizaliwa wiki ya 32 na kilo 1.6. Leo ana kilo 6.9. Kwa umri wa kuzaliwa (tangu siku aliyozaliwa) yuko chini ya mstari wa -2 wa kadi ya ukuaji, yaani uzito pungufu (kilo 7.1). Nikiondoa wiki 8 alizowahi, anahesabiwa miezi 7, na hapo mstari huo ni kilo 6.7, kwa hiyo amepita. Kukaa bado anaegemea mikono, jambo ambalo kwa miezi 7 halinitishi.

Kinachonisumbua ni mwelekeo: miezi miwili iliyopita ameongeza gramu 100 tu kila mwezi, wakati kwa umri huo nilitegemea 300 hivi. Mzani nimeurudisha sifuri, nikampima upya bila nguo, namba ileile. Mzunguko wa mkono sm 12.8, miguu haijavimba, hana homa wala kuhara. Ananyonya vizuri, ila uji ni mwepesi mno, unamwagika kwenye kijiko kama maji. Nimemshauri mama aukoleze, aweke karanga za kusaga au parachichi, na ampe mtori mzito. Chanjo nafuata umri wa kuzaliwa, hiyo haina mjadala.

Maswali: kwenye kadi mnachora kwa umri upi bila kumchanganya muuguzi atakayefuata? Na kwa ongezeko hili, mngempa rufaa sasa au mngempima tena baada ya wiki 2?