Mama anatibu malaria kwa chai ya artemisia: naomba ushauri

Kijana wa Tandika:
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi na mama yangu mwenye umri wa miaka 61, na kwa karibu mwaka mzima sasa kila akipata homa hataki kusikia habari ya kupima. Hununua majani makavu ya artemisia kwa muuzaji wa mitishamba, akatia konzi moja ndani ya chupa ya chai, akamimina maji ya moto na kufunika, kisha akanywa kikombe asubuhi na kingine jioni huku amekunja uso kwa uchungu wake. Homa hupoa, na baada ya wiki mbili hivi hurudi. Nikimtajia dawa mseto hunijibu kwamba dawa hiyo imetoka kwenye jani hilohilo, basi afadhali anywe jani lenyewe. Nimekosa la kumjibu.

Mfamasia Mstaafu:
Mama yako hajakosea asili ya dawa. Artemisinini, kiini kinachoua vimelea vya malaria, ilitengwa kutoka kwenye mmea huo nchini China mwaka 1972 na mwanasayansi Tu Youyou na wenzake, baada ya Tu kusoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza majani yalowekwe majini na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Tu alipotumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu, yaani bila joto kali, ndipo dondoo lake lilipopata nguvu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tatizo liko kwenye kikombe. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi kilichomo majanini hubadilika kwa mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha, kwa hiyo konzi ya leo si konzi ya jana. Hata kama kingetosha, kiini hicho huua vimelea kwa kasi lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache, na vichache vilivyosalia huanza kuzaliana upya. Huenda hiyo ndiyo homa mnayoiona ikirudi. Vidonge vya ALu, yaani hiyo dawa mseto, vina artemeta, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, pamoja na lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa ikimalizia masalia. Jani halina lumefantrini. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo, iwe kwa tiba au kwa kinga, na mkoani Kagera vimelea vyenye dalili za usugu dhidi ya artemisinini vimekwisha kuonekana.

Bibi wa Ilala:
Mwanangu, mimi nimelelewa kwa mwarobaini na sioni haya kusema. Usimpokonye mama chupa yake, maana atakunywa kwa siri. Mwombe tu akapime kwanza, kwa sababu si kila homa ni malaria, na kwa umri wetu homa ya mkojo nayo huanza hivyohivyo.

Kijana wa Tandika:
Shikamooni wazee wangu. Jana jioni alikubali, na kipimo cha haraka kimeonyesha kuwa ana malaria. Amepewa vidonge 24, anywe vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu. Vya kwanza alivimeza saa mbili usiku kwa uji wa maziwa. Saa kumi alfajiri hii nilimwamsha kwa dozi ya pili, akanuna sana, akameza kwa maji matupu, na dakika kumi baadaye akatapika. Nimpe tena?

Mfamasia Mstaafu:
Marahaba, wazee hatulali. Mpe tena vinne sasa hivi, kwa kuwa nusu saa haijapita, na safari hii ale kitu chenye mafuta kidogo, kwani lumefantrini hufyonzwa vyema ikiambatana na mafuta. Asubuhi nenda kituoni ukaombe vinne vya kufidia, usije ukapungukiwa na dozi ya mwisho. Akitapika tena, usingoje kupambazuke: mpeleke hospitali, huenda akahitaji sindano.

Kijana wa Tandika:
Amemeza. Nimempa na maziwa mazito.