Kwa nini HMS Nelson na HMS Rodney zilibeba mizinga yote mbele ya mnara?

Mkanda356
Wakuu, naomba ufafanuzi. Nikitazama picha za manowari za Uingereza Nelson na Rodney, zilizoingia kazini 1927, naona mizinga yote 9 ya inchi 16 imepangwa mbele ya mnara wa unahodha: tareti (vibanda vya mizinga vinavyozunguka) 3, kila moja ina mizinga 3. Nyuma hakuna mzinga mkubwa hata mmoja. Adui akitokea upande wa tezi ingekuwaje? Na faida iliyopatikana ilikuwa kubwa kiasi cha kukubali upungufu huo?

Ngamani
Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jibu lako haliko juu kwenye mizinga, liko chini kwenye maghala ya baruti.

Anzia Mkataba wa Washington wa Februari 1922. Ulizuia manowari isizidi tani 35,000 (tani za Kiingereza, yaani kama 35,560 za metriki) bila kuhesabu mafuta wala maji ya akiba ya boila. Waingereza walikuwa wameshaagiza meli 4 za muundo wa vita ulioitwa G3, za tani 48,400, na zote zilifutwa. Ndani ya G3 tareti ya tatu ilikaa nyuma ya mnara. Sasa wahandisi walitakiwa kubakiza mizinga ileile na deraya (mabamba ya chuma ya kinga) ileile, huku wakipoteza tani zaidi ya 13,000.

Kila tareti ina ghala lake chini, na kila ghala lazima lifunikwe kwa deraya nene kuliko zote. Ukiweka tareti mbele na nyuma, deraya nene inabidi ienee pande zote mbili za injini. Ukizikusanya pamoja, maghala yote yanaingia kwenye sanduku moja fupi.

Piga hesabu ya makadirio. Mkanda wa ubavuni, yaani deraya ya ubavu wa meli, ulikuwa na unene wa mm 356 na kimo cha kama mita 4. Chuma kina uzito wa tani 7.85 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbavu mbili ni kama tani 22 kwa kila mita ya urefu. Sitaha ya deraya juu ya maghala ilikuwa mm 159. Chukua upana wa mita 28, unapata tani 35 hivi. Jumla ni tani 57 kwa kila mita moja. Ukifupisha sanduku kwa mita 15 umeokoa zaidi ya tani 850.

Walibana kwelikweli, hadi Nelson ikatoka na tani 33,000 na ushei, chini ya kikomo. Kilicholipia ni mwendo: G3 ingefika noti 32 (maili za baharini kwa saa), hizi zilipewa nguvu farasi 45,000 na noti 23 tu. Kwangu mimi huo ndio upungufu mkubwa, kuliko huo wa kutopiga nyuma.

FundiDeraya
Ngamani kaeleza vizuri. Naongeza la mkanda: haukusimama wima. Ulikuwa ndani ya bodi, umelazwa nyuzi 18, ukingo wa juu ukielekea nje. Kombora likishuka kwa nyuzi 15 linakutana na bamba kwa nyuzi 33, na mm 356 inakuwa kama mm 424 za kupenya. Ubaya wake ni kwamba bodi ya nje ilibaki laini. Ikitobolewa, maji yanajaa kati yake na mkanda, na fundi hafikii mahali pa kuziba kwa urahisi.

Mizinga yenyewe ilisumbua miaka mingi. Kombora la kilo 929 lilikuwa jepesi kwa mzinga wa inchi 16, likarushwa kwa kasi kubwa kwa imani kwamba lingepenya zaidi. Matokeo yake mtutu ulilika haraka na makombora yakatawanyika, ikabidi baruti ipunguzwe.

Kuhusu tezi: tareti ziliweza kugeuka kupita ubavu, lakini mshindo wa kupiga kuelekea nyuma uliwaumiza watu kwenye mnara na kuvunja vioo. Hata kwa pembe za kawaida haikuwa salama. Tarehe 27 Mei 1941 Rodney iliirushia manowari ya Ujerumani Bismarck makombora 380 hivi ya inchi 16, na mishindo yake yenyewe ikaharibu mbao za sitaha, ikafungua viungo vya mabomba, ikapasua vyombo vya udongo vya vyooni.

KusiNaKaskazi
Msisahau boila. Kwa kawaida boila hutangulia injini. Hapa injini zilikaa mbele na boila nyuma, ili dohani iwe mbali na mnara. Lakini dohani ilikuwa fupi kuliko mnara, na upepo ukitoka tezi moshi ulirudi moja kwa moja kwa maofisa. Mnara ule mrefu ulifanya kazi ya tanga pia: kwa mwendo mdogo omo ilijigeuza kuelekea upepo, na usukani ulikuwa mmoja tu kati ya rafadha mbili.

Wafaransa walifuata wazo hilohilo kwa manowari yao Dunkerque, iliyoanza kujengwa Brest Desemba 1932: mizinga 8 ya mm 330, tareti 2 za mizinga 4, zote mbele. Wao waligawa kila tareti kwa ukuta wa deraya katikati na kuziachanisha kwa zaidi ya mita 25. Katika bandari ya Mers-el-Kébir, Algeria, 3 Julai 1940, kombora la Waingereza liliwaua waliokuwa nusu ya kulia ya tareti ya juu, na nusu ya kushoto ikabaki inaweza kupiga. Ukuta ule ulilipa uzito wake.

Mkanda356
Shukrani sana wakuu. Moja la mwisho: je, tareti zote 3 zingeweza kupiga moja kwa moja mbele?

Ngamani
Hapana. Ya pili ndiyo iliyoinuliwa. Ya tatu ilishuka tena hadi usawa wa ya kwanza, kwa sababu kuipandisha juu zaidi kungeongeza uzito wa juu na kuuinua mnara nao. Kwa hiyo mbele kabisa ilipiga mizinga 6, na ya tatu ilisubiri meli igeuze ubavu.